Mbwa Akikohoa Baada ya Safari, Usitie Mkono Kinywani

TUSEME shule zimefungwa, nawe umekwisha kupakia watoto na mizigo garini, safari ni ya nyumbani Marachi kula Krismasi na wazee. Wiki iliyotangulia mlikuwa Mombasa kwenye arusi ya shemeji, na Simba, mbwa wenu, mlimwacha kule jijini mahali panapotunza mbwa kwa malipo. Mlipokwenda kumchukua alikuwa mzima, mkia haukutulia kwa furaha. Akaruka garini, na mwendo wa zaidi ya kilomita 400 akaumaliza salama. Mkafika Bumala, mkakata kona kuelekea Butula, wazee wakawapokea kwa vigelegele.

Usiku wa tatu mnaamshwa na kishindo cha ajabu uani. Ni Simba anakohoa. Sauti ni kavu na kali, kama bata bukini anayelia. Anakohoa mara kumi, ananyoosha shingo, anajikamua kama anayetaka kutapika, kisha anatema povu jeupe kidogo. Anatulia. Baada ya dakika chache, anaanza tena.

Kulipokucha, kila mtu ana lake la kusema. Babu anaapa kwamba mfupa wa kuku umemkwama kooni, na tayari amekunja mkono wa shati ili auchomoe. Senge anasema hicho ni kichaa, auawe kabla hajauma mtoto. Kijana wa jirani anakimbia dukani kuleta vidonge vya Panadol. Watoto wanalia. Wote hao wanakutazama wewe, mwenye mbwa.

Je, msomaji, utafanyaje?

Jambo la kwanza ni kumshika babu mkono, taratibu na kwa heshima, umzuie. Sababu yake utaipata hapa chini. Jambo la pili ni kuyakumbuka yale mabanda uliyomwacha Simba, kwa maana huenda jibu likawa huko huko.

NDUGU WA KIFADURO

Mbwa wengi wanapokaa pamoja, wakipumua hewa moja na kunywa maji bakuli moja, huambukizana maradhi ambayo tunaweza kuyaita kikohozi cha mabanda. Si lazima pawe mahali pa kulipia. Hata ukimwacha mbwa wako kwa binamu kule Malaba, anayefuga mbwa sita wa kulinda uwanja wa malori, hatari ni ile ile.

Kikohozi hiki hakiletwi na kijidudu kimoja tu. Mara nyingi virusi hutangulia, hasa parainfluenza na adenovirusi aina ya pili, vikachubua koo na njia ya hewa. Hapo bakteria huingia kama mwizi aliyekuta mlango wazi. Bakteria anayejulikana zaidi ni Bordetella bronchiseptica.

Jina hilo ni gumu, lakini jamaa yake unamfahamu. Ni ndugu wa bakteria anayewaletea watoto kifaduro, yule ambaye watoto wetu huchanjwa dhidi yake wakiwa na umri wa wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Jina limetokana na Jules Bordet, daktari wa Ubelgiji, ambaye pamoja na mwenzake Octave Gengou walimpata bakteria wa kifaduro mwaka wa 1906. Bordet alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1919 kwa kazi yake kuhusu kinga ya mwili. Kwa hivyo mama aliyewahi kumuuguza mtoto wa kifaduro hatashangazwa sana na kikohozi cha Simba: ni zile zile mfululizo, na yale yale makamasi na povu mwishoni.

Maradhi haya hayajitokezi siku ile ile mbwa anapoambukizwa. Huchukua kati ya siku 2 na siku 14. Ndiyo maana Simba alitoka mabandani mzima, akaja kukohoa Butula. Usiwalaumu wazee kwamba ni baridi ya usiku wao, wala usimlaumu aliyempa mfupa.

Habari njema ni kwamba mbwa mzima mwenye afya, mara nyingi hupona mwenyewe kati ya wiki moja na wiki tatu. Kazi yako kubwa ni uuguzaji, na dawa si nyingi.

KWA NINI MKONO USIINGIE KINYWANI

Sasa turudi kwa babu. Mbwa mwenye kichaa, hasa aina ile ya kupooza, misuli ya taya na koo hulegea. Kinywa hubaki wazi, mate yanachuruzika, hawezi kumeza, sauti yake hubadilika. Anayemtazama huona kama mtu aliyekwamwa na kitu. Watu wenye huruma wameingiza mikono yao katika vinywa vya mbwa kama hao wakitafuta mfupa usiokuwako. Mate ya mbwa huyo yakipata mkwaruzo mdogo tu mkononi, virusi vimepata njia.

Kichaa cha mbwa si hadithi ya kale. Kilithibitishwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwaka wa 1912, na hakijaondoka. Makadirio yaliyotumiwa na serikali yanataja watu wapatao 2,000 wanaokufa kwa kichaa kila mwaka nchini. Mwaka wa 2014 Kenya ilianza mpango wa kukitokomeza ifikapo mwaka wa 2030, na nguzo yake ni kuchanja mbwa angalau 70 katika kila 100. Mtu akishaanza kuonyesha dalili za kichaa, tiba hakuna.

Basi utatofautishaje? Hebu mtazame Simba ukiwa umesimama mbali kidogo.

Mbwa wa kikohozi cha mabanda kwa kawaida anakujua. Ukimwita anakuja, mkia anautikisa, chakula anakula, maji anakunywa na kumeza. Baina ya kikohozi na kikohozi utadhani hana lolote.

Mbwa wa kichaa tabia yake hubadilika. Aliyekuwa mpole huwa mkali, na aliyekuwa mkali anaweza kuwa mpole kupita kiasi. Anajificha, anapepesuka, anang'ata mti, jiwe au mnyororo. Maji yanamshinda kumeza, taya linaning'inia. Hali yake huharibika upesi, na kwa kawaida hufa kabla siku 10 hazijapita tangu dalili kuonekana.

Tazama pia cheti chake cha chanjo. Kama Simba alichanjwa kichaa na mwaka haujapita, hofu inapungua sana. Kama hana cheti na unaona dalili hizo, mfungie ndani ya chumba au banda bila kumshika, waondoe watoto, na mwite daktari wa mifugo. Usimpige mawe. Hasira za kijiji zimeua mbwa wengi waliokuwa na kikohozi tu, na kwa upande mwingine mbwa mwenye kichaa halisi akikimbizwa kwa rungu huuma wengi zaidi.

Na ikiwa mtu ameumwa au ametiwa mate kwenye kidonda, osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha mpeleke hospitalini siku iyo hiyo kwa chanjo. Usipake pilipili, wala usingoje kuona kama mbwa atakufa.

KUMUUGUZA SIMBA

Umekwisha kuhakikisha kwamba mbwa ana akili zake na ana chanjo yake. Sasa anza kuuguza.

Kwanza, MTENGE. Mtafutie mahali pake peke yake, pakavu, penye hewa na kivuli, mbali na mbwa wengine. Ghala la zamani lililo tupu linafaa. Jiko la kuni halifai hata kidogo, kwa sababu moshi humchokoza koo usiku kucha. Kama wenyeji wako wanaishi kando ya barabara kule Malaba au Busia mjini, ambako malori hupanga foleni yakingoja kuvuka mpaka, mweke nyuma ya nyumba, vumbi na moshi wa dizeli visimfikie.

Pili, MWONDOE KAMBA SHINGONI. Kamba, mnyororo au ukanda wa shingoni hubana njia ya hewa iliyovimba tayari, na kila akivuta anaanza kukohoa. Kama ni lazima afungwe, tumia mkanda wa kifuani. Ukikosa, chukua kitambaa kipana, kipitishe kifuani na nyuma ya miguu ya mbele, ukifunge mgongoni, kisha kamba uifunge hapo.

Tatu, APUMZIKE. Hakuna kukimbizana na watoto, hakuna kufuata baiskeli hadi sokoni, hakuna kuwinda panya mashambani. Mbio huleta kikohozi, na kikohozi huchubua koo upya. Mtoe kwenda haja tu, mwendo wa polepole, kwa muda wa wiki mbili au zaidi.

Nne, CHAKULA LAINI NA MAJI MENGI. Koo lake linauma kama lako unapougua. Ugali mgumu uloweke katika supu ya nyama au ya omena isiyo na chumvi wala vitunguu, kwani vitunguu ni sumu kwa mbwa. Uji vuguvugu pia hukubalika. Mifupa iache kwanza. Maji safi yawepo saa zote, na bakuli lake lisitumiwe na mnyama mwingine.

Tano, MVUKE NA ASALI. Kikohozi kikimkosesha usingizi, mweke chumbani pamoja na sufuria ya maji yaliyochemka, mlango ukiwa umefungwa, kwa dakika 10 hadi 15. Kaa naye, na sufuria iwe mahali ambapo hawezi kuigusa wala kuimwaga. Usimfunike blanketi kichwani kama tunavyojifunika sisi, maana ataogopa na anaweza kuungua. Mbwa mkubwa waweza pia kumpa kijiko kimoja cha chai cha asali, alambe mwenyewe. Watoto wa mbwa wasipewe asali.

Jambo moja la kuepuka kabisa ni kumnywesha kwa nguvu. Mbwa anayekohoa ukimwinua kichwa na kummiminia uji au dawa kwa chupa, kinyweo huenda mapafuni, na kikohozi kilichokuwa kipone chenyewe kinageuka nimonia.

Wanafunzi mlioko likizoni, kazi yenu ni hii. Chukueni daftari. Kila asubuhi na jioni andikeni: amekula au hakula, amekohoa mara nyingi au chache, makamasi yana rangi gani. Akilala usingizi, hesabuni pumzi zake kwa dakika moja. Kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja. Mbwa aliyelala kwa kawaida hapiti pumzi 30 kwa dakika. Daftari hilo daktari atalishukuru kuliko maneno mengi.

VIPI KUHUSU DAWA?

Yule kijana aliyeleta Panadol mshukuru, kisha rudisha dawa kabatini. Dawa za maumivu za binadamu zinaweza kumuua mbwa. Paracetamol huharibu ini na damu, na ibuprofen, ile wengi wanayoijua kama Brufen, hutoboa tumbo na kuharibu figo. Kwa paka ndiyo balaa zaidi, kwani paka hufa kwa paracetamol kidogo sana. Dawa za kikohozi za chupa nazo huwa na viungo vingi ndani yake, na baadhi ni sumu kwa mbwa.

Wengine hukimbilia kwenye duka la dawa za mifugo na kununua sindano ya ng'ombe. Usifanye hivyo. Antibiotiki hazimalizi virusi, na kwa kikohozi chepesi mara nyingi hazihitajiki. Daktari akiona bakteria wamezidi, ataandika dawa kama doksisaiklini, kwa kipimo cha uzito wa mbwa wako na kwa siku kamili. Akiandika, mpe zote mpaka ziishe, hata kama kikohozi kimekoma siku ya tatu.

SIKU YA KUMTAFUTA DAKTARI

Nimesema wengi hupona wenyewe, lakini si wote. Usingoje ukiona mojawapo ya haya:

Amekataa chakula kwa siku nzima, au amelegea hataki kuinuka.

Anapumua kwa shida, tumbo likisukuma, au pumzi zinapita 40 kwa dakika akiwa amelala.

Ufizi na ulimi vimekuwa vya rangi ya buluu au vyeupe badala ya waridi.

Makamasi ni mazito ya kijani au manjano, au joto la mwili limepita nyuzi 39.5. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.2, kwa hivyo usishangae ukimgusa akawa moto kuliko wewe.

Kikohozi kimepita wiki tatu bila kupungua.

Ni mtoto wa mbwa, ni mzee, au ni jike mwenye mimba.

Hapo pana adui mwingine wa kuchunga, nao ni ugonjwa wa distempa. Huanza na kikohozi na makamasi vile vile, lakini macho hutoa uchafu, mbwa huhara, na baadaye mwili hutetemeka au kushikwa na kifafa. Distempa huua, na mbwa wa vijijini ambao hawajachanjwa ndio wanaoumia zaidi.

Ukiwa Marachi, usidhani uko mbali na msaada. Huduma za mifugo ziko chini ya kaunti tangu ugatuzi ulipoanza mwaka wa 2013, na wapo pia madaktari na wasaidizi wa afya ya mifugo wanaofanya kazi kwa kujitegemea. Uliza kama mtu huyo amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Piga simu kwanza useme kwamba mbwa anakohoa, ili asikuweke kwenye foleni pamoja na mbwa wengine. Kama huna gari, mwombe daktari aje nyumbani. Boda boda, usafiri uliopata jina lake hapo hapo mpakani Busia, ni mzuri kwa watu, lakini mbwa anayehema hatafaidi vumbi la njiani.

JIRANI ZAKO NA MIFUGO YAO

Kumbuka kwamba wewe ndiye uliyeleta maradhi kijijini. Mbwa wa Marachi hutembea boma hadi boma, na wengi hawajapata chanjo ila ya kichaa, tena kama walipata. Ukimwachilia Simba azurure, kabla ya Mwaka Mpya kijiji kizima kitakuwa kinakohoa.

Bakteria huyu hashiki mbwa peke yao. Anaweza kumwingia paka, sungura, na hata nguruwe, ambao katika kaunti ya Busia ni akiba ya karo kwa familia nyingi. Kwa hivyo banda la Simba liwe mbali na zizi la nguruwe, na anayemhudumia anawe mikono kwa sabuni kabla ya kwenda kulisha mifugo mingine. Bakuli na sakafu zioshwe kwa sabuni kwanza, kisha kwa maji yenye dawa ya kung'arisha nguo, sehemu moja ya dawa kwa sehemu 30 za maji, halafu zisuuzwe na kuanikwa juani.

Kwa binadamu mwenye afya hatari ni ndogo mno. Hata hivyo mtu ambaye kinga yake ya mwili imepungua, kwa mfano kwa sababu ya matibabu ya saratani au Ukimwi usiotibiwa, asimhudumie mbwa huyu. Kama kukhu ni mgonjwa, kazi hiyo mpe mwingine.

Na mbwa akiacha kukohoa? Mwenye kovu usidhani kapoa. Mtenge wiki mbili zaidi. Bakteria huyu anaweza kukaa katika koo la mbwa aliyepona kwa wiki kadhaa, akiendelea kuambukiza. Wala usikubali kumvusha upande wa Uganda kuwasalimia jamaa akiwa katika hali hiyo. Hata akiwa mzima, mbwa wa kuvuka mpaka anahitaji karatasi zake, kikiwamo cheti cha chanjo ya kichaa.

KABLA YA SAFARI NYINGINE

Kinga haina gharama kubwa ukiilinganisha na likizo iliyoharibika. Chanjo ya kawaida ya kila mwaka humkinga mbwa na distempa na parvo, na mara nyingi huwa na adenovirusi na parainfluenza ndani yake. Iko pia chanjo maalumu ya kikohozi cha mabanda, ambayo nyingine hutiwa puani kwa matone. Mpeleke wiki tatu kabla ya kumwacha mabandani, ili mwili wake upate nafasi ya kujijenga. Kama ilivyo chanjo ya homa kwa watu, haizuii kila kikohozi, lakini hukipunguza makali. Ile ya kichaa isikosekane: mara ya kwanza akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka.

Na unapokwenda kuchagua mahali pa kumwacha, usiishie mlangoni. Omba kuingia ndani. Nusa hewa: ikiwa mkojo unakuchoma macho, pua ya mbwa itateseka zaidi. Angalia kama kila mbwa ana bakuli lake, kama mabanda yana ukuta kati yao, na kama kuna mahali pa kumtenga mgonjwa. Kisha sikiliza. Ukisikia hata mbwa mmoja anakohoa, rudi na wako nyumbani. Swali zuri kuliko yote ni hili: je, wanakudai cheti cha chanjo kabla ya kumpokea mbwa wako? Wasipokudai wewe, hawakuwadai wenzako pia.

Sasa mrudie babu pale uani. Mweleze kwamba huo si mfupa, na umwonyeshe cheti cha Simba. Kisha mwulize mbwa wake mwenyewe wamechanjwa lini. Akikuna kichwa asikumbuke, basi umepata zawadi ya Krismasi ya kumpa: mlipie daktari aje awachanje wote, siku ile ile atakapokuja kumwona Simba. Mwambie tu aanze na mbwa wa babu, kisha amalizie na mgonjwa wako.